Episodi moja, namba zinazokinzana: jinsi ya kusoma hisia za mashabiki

Saa kumi na moja alfajiri ya Jumatatu, adhana za Mji wa Kale zinapokezana na matatu za kwanza zinaita abiria wa Mtwapa. Kwa saa za mashariki ya Marekani ni saa tatu ya usiku wa Jumapili, na episodi mpya ya mfululizo wa hadithi za kubuni za kisayansi ndiyo kwanza inaanza kurushwa. Mombasa ikifika saa mbili asubuhi hukumu imeshatoka. Ukurasa mmoja unasema asilimia 95, mwingine asilimia 40, wa tatu unaonyesha 7.0. Mtu wa Tudor anayepanga kuitazama usiku akitoka kazini anajiuliza nani anasema kweli.

Wote wanasema kweli. Kila namba ni jibu la swali lake, lililoulizwa watu wake, kwa saa yake. Mkanganyiko unaanza pale tunapolinganisha majibu bila kujua maswali.

Asilimia haina maana ya alama

Tuanze na namba inayopotosha watu wengi zaidi: asilimia ya Rotten Tomatoes, ukurasa wa mtandaoni unaokusanya maoni ya wahakiki na ya watazamaji. Mtu huiona 90 akaielewa kama alama za mtihani, 90 kwa 100. Sivyo ilivyo. Uhakiki wa kila mhakiki huwekwa katika kapu moja kati ya mawili, ameipenda au hakuipenda, na asilimia ni idadi ya waliomo kapu la kwanza kwa kila mia. Ikifika 60 kazi hiyo hupewa nyanya nyekundu, ikipungua hupewa doa la kijani.

Chukua wahakiki 20. Kumi na wanane wanaiona episodi ni ya kawaida tu, wanatoa 6 kwa 10, na wawili wanatoa 4. Asilimia ni 90, lakini wastani wa alama ni 5.8. Sasa chukua 20 wengine: kumi na wanane wanatoa 9, wawili wanatoa 4. Asilimia ni 90 vilevile, na wastani ni 8.5. Episodi hizo mbili hazifanani hata kidogo, ila namba iliyobandikwa mlangoni ni moja. Ndiyo maana mfululizo usioudhi mtu hupata asilimia kubwa kirahisi, na ule unaothubutu jambo jipya hupata ndogo hata kama waliouelewa wanauona bora wa mwaka.

Kwa watazamaji wa kawaida mpaka umewekwa juu zaidi. Nyota 3.5 kwa 5 kwenda juu ndizo zinazohesabiwa kuwa ndiyo. Aliyetoa nyota 3, ambaye barazani angesema “si mbaya”, anaingia kapu moja na aliyetoa nusu nyota kwa hasira. Episodi ya polepole, ile inayotayarisha mambo ya mbele, huumia sana hapa. Watu wengi huipa nyota 3, na asilimia inaanguka kana kwamba imechukiwa.

Jambo jingine kuhusu wahakiki: mara nyingi hutumiwa episodi chache za mwanzo kabla ya tarehe ya kutoka, na huandika wakiwa hawajaona mwisho wa msimu. Asilimia kubwa ya wahakiki inayokaa juu ya msimu mzima inaweza kuwa ni ya milango yake ya mbele tu. Shabiki anayekasirikia episodi ya nane na mhakiki aliyesifu ya kwanza hawabishani. Wametazama vitu viwili tofauti.

Kilima au pembe

IMDb, ukurasa mwingine ambako watazamaji hupigia kura filamu na mifululizo, huuliza swali lingine: toa alama kutoka 1 hadi 10. Namba inayoonyeshwa ni wastani wenye mizani, maana kura nyingine hupewa uzito mdogo kuliko nyingine, na kanuni kamili ya mizani hiyo haitangazwi. Usijisumbue nayo. Bonyeza namba yenyewe utafunguliwa mchoro wa mgawanyo wa kura, na humo ndimo mlimo na habari.

Mchoro ukiwa na umbo la kilima, kura nyingi zikirundikana kwenye 7 na 8 na kupungua pande zote mbili, hapo watu wamekubaliana. Ukiwa na umbo la pembe za ng'ombe, kura nyingi kwenye 10, nyingi kwenye 1, katikati tupu, hapo kuna ugomvi, na mara nyingi ugomvi wenyewe unahusu jambo lililo nje ya uigizaji, picha na hadithi. Piga hesabu ya kura 1,000: 620 za 10, 300 za 1, na 80 za 6. Jumla ni 6,980, wastani 6.98. Episodi nyingine ambayo kila mtu ameipa 7 itakaa jirani kabisa na hiyo kwenye orodha. Moja imependwa mno na watu sita kati ya kumi. Nyingine hakuna aliyeipenda mno wala aliyeichukia.

Mfano ulio wazi ni episodi ya tatu ya The Last of Us, iliyoonyeshwa Marekani Jumapili, 29 Januari 2023. Iliwaacha kando wahusika wakuu kwa muda mrefu ikasimulia maisha ya wanaume wawili wapenzi katika dunia iliyoangamizwa na ugonjwa wa kuvu. Wahakiki waliisifu kuliko karibu chochote cha mwaka ule, na kura za 10 zilikuwa nyingi. Kura za 1 nazo zilimiminika kwa wingi usio wa kawaida. Mtu anayetaka kujua kama episodi imeandikwa vizuri hapati jibu kwenye wastani wa namna hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya kura zile zilikuwa kura za msimamo juu ya wahusika.

Kura za hasira huja pia bila hata kutazama. Mwaka 2024, The Acolyte ya ulimwengu wa Star Wars ilipotoka, asilimia ya watazamaji ilishuka chini ya 20 wakati ya wahakiki ilikuwa juu ya 70. Wapo waliokuwa na sababu za haki za kutoipenda: mwendo wake na namna ilivyogusa historia ya Jedi, mashujaa wa ulimwengu ule. Lakini wimbi lile lilikuwa na haraka kiasi kwamba filamu ya Australia ya mwaka 2008 iitwayo Acolytes, isiyohusiana nayo kabisa, nayo ilipigwa kura za chini na watu waliokosea jina. Anayekosea jina la kitu anachokihukumu hakukitazama.

Wenye kurasa hizi wamejaribu kuziba mianya. Februari 2019 Rotten Tomatoes iliondoa nafasi ya watu kutoa maoni juu ya filamu ambazo bado hazijatoka. Mwaka 2020 Metacritic iliweka saa 36 za kungoja kabla mtu wa kawaida hajaandika juu ya mchezo mpya wa video. Saa 36 ni kipimo kizuri hata kwa msomaji. Namba ya kabla ya hapo ni ya wenye haraka.

Idadi nayo ina neno. Episodi yenye kura 40 na wastani wa 8.5 ikipigwa kura kumi za 1 inashuka hadi 7.0. Yenye kura 4,000 ikipigwa kumi hizo hizo inabaki kwenye 8.5. Basi kabla ya kusoma wastani, soma idadi iliyo chini yake, hasa asubuhi ya kwanza.

Anayeulizwa na anayejitokeza

Tofauti kubwa zaidi, nayo husemwa mara chache, ni kati ya mtu aliyeulizwa na mtu aliyejitokeza mwenyewe. BBC ya Uingereza ina jopo la watazamaji ambao huombwa kutoa alama 1 hadi 10 kwa vipindi walivyotazama. Wastani wake huzidishwa kwa 10 kupata namba kwa 100. Hawa hawakuja kwa hasira wala kwa mapenzi. Wameulizwa tu, kama unavyomuuliza mgeni chai ilikuwaje.

Tarehe 1 Machi 2020 Doctor Who ilionyesha episodi ya kufunga msimu iliyobadilisha asili ya mhusika mkuu, jambo ambalo mashabiki walikuwa wamelishika tangu 1963. Mtandaoni ilikuwa moto. Katika kura za hiari ikaingia miongoni mwa zilizoshushwa chini kabisa katika mfululizo wote. Jopo likaipa 82 kwa 100, alama ya kawaida kabisa kwa msimu ule.

Jopo halikuwa sahihi zaidi ya mashabiki. Mtu anayetazama Jumapili na watoto wake haumizwi na historia iliyogeuzwa, kwa sababu hakuibeba. Shabiki wa miaka ishirini anaumia kwa kuwa aliibeba, na maumivu yake ni habari ya kweli kuhusu episodi ile. Ila ni habari ya mashabiki wa ndani, na ukiisoma kama sauti ya watazamaji wote utakosea vibaya.

Kuna mtego mwingine wa aina hiyo, wa kimyakimya zaidi. Ukitazama alama za mifululizo mirefu utaona mara kwa mara episodi za msimu wa tano zina wastani mkubwa kuliko za msimu wa kwanza. Si lazima ziwe zimeboreka. Panda matatu ya Mtwapa kutoka mjini, kisha ufikapo mwisho waulize abiria waliobaki kama wameridhika na gari. Walioudhika wameshashuka Kongowea na Bombolulu, hawako tena ndani ya kuulizwa. Asiyeupenda mfululizo aliuacha msimu wa pili, na kura yake haipo. Waliobaki ni wapenzi, na akipenda, chongo huita kengeza. Kwa hiyo alama ya msimu wa tano ilinganishe na ya episodi jirani za msimu huohuo. Episodi ya 8.1 katikati ya ndugu zake wa 9 ni episodi iliyowaudhi hata wapenzi.

Runinga yako nayo imepiga kura

Malalamiko mengi ya saa za mwanzo yanahusu vitu viwili, “giza tupu” na “hawasikiki”. Mifululizo ya kisayansi huathirika kuliko mingine, kwa kuwa mambo yake hutokea angani, ndani ya meli zenye taa hafifu, katika miji ya chini ya ardhi.

Video ya mtandaoni hubanwa ili ipite kwenye intaneti. Programu ya kubana hutupa kwanza kile ambacho jicho halikioni kirahisi, na tofauti ndogo kati ya weusi na weusi ndizo hutangulia kutupwa. Anga la usiku linakuwa ngazi ngazi, kona yenye kiumbe kilichojificha inakuwa mabaka ya rangi moja. Kadiri unavyobana matumizi ndivyo picha inavyopoteza. Kwa vipimo vya Netflix, kiwango cha chini hula hadi gigabaiti 0.3 kwa saa, cha kati 0.7, na picha angavu hadi 3. Anayetazama kwa bando kwenye kiwango cha chini anapata sehemu moja ya kumi ya data anayopata mwenzake wa waifai ya Nyali. Hawakutazama picha moja.

Yanayorekebishika ni haya. Katika mipangilio ya runinga chagua hali ya sinema, maana ile ya dukani imetengenezwa kushindana na taa za dukani: inang'arisha vyeupe na kuua maelezo ya gizani. Zima kuokoa umeme, kwa kuwa hupunguza mwanga wa skrini chumba kikiwa na giza, yaani wakati huohuo unapouhitaji. Zima kulainisha mwendo, ambako kila kampuni imekupa jina lake. Mifululizo mingi hupigwa picha 24 kwa sekunde, na kipengele hiki hutunga picha za kubuni katikati yake, hadi meli ya angani inaonekana mdoli wa studio. Na usitazame saa tisa alasiri dirisha likiwa wazi upande wa bahari. Hakuna mpangilio unaoshinda jua la Mombasa.

Sauti ni hadithi hiyohiyo. Episodi hizi huchanganywa kwa spika sita, na mazungumzo mengi hupita ya katikati. Runinga yenye spika mbili hulazimika kukunja zote sita ndani ya hizo mbili, na mngurumo wa injini hufunika maneno. Ukifungua orodha ya lugha na kuona sauti ya kawaida ya njia mbili pamoja na ya 5.1, yaani ile ya spika sita, chagua ya njia mbili. Kama runinga ina kipengele cha kuinua mazungumzo, kiwashe. Feni ya dari nayo isisahaulike. Uvumi wake hushindana na minong'ono, na watu wanaonong'ona katika mifululizo hii ni wengi.

Kuna wakati giza ni la kukusudia. Aprili 2019 episodi ya vita vya usiku ya Game of Thrones, ambayo ni ya njozi, ililalamikiwa dunia nzima, na mpiga picha wake akajibu kwamba ndivyo ilivyotakiwa na kwamba watu wengi hawajui kupanga runinga zao. Alikuwa na haki nusu. Anayetengeneza kitu kitakachotazamwa sebuleni inampasa aijue sebule.

Nini huhesabiwa na wenye pesa

Mashabiki hupigania alama kana kwamba ndizo zinazoamua msimu ujao. Kwa kawaida haziamui. Star Trek ilipokaribia kufutwa, Bjo Trimble na mumewe John waliongoza kampeni ya barua, na tarehe 1 Machi 1968 NBC, kituo kilichourusha, ilitangaza hewani kwamba mfululizo utaendelea. Barua zilifanya kazi kwa sababu kila moja ilikuwa na gharama, na aliyeipokea alilijua hilo. Hata hivyo msimu wa tatu uliwekwa Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana waliolengwa wako nje, na 1969 ukafungwa baada ya episodi 79. Umaarufu mkubwa ulikuja baadaye, kwenye marudio.

The Expanse inaonyesha hesabu yenyewe. Syfy iliufuta Mei 2018 ingawa wahakiki na mashabiki waliupenda sana. Kituo kile kilikuwa na haki za maonyesho ya kwanza tu nchini Marekani, hivyo kilipata pesa kwa aliyetazama papo kwa papo, na shabiki aliyetazama baadaye kwa njia nyingine hakukiletea kitu. Mashabiki walikusanya sahihi zaidi ya 100,000 na kukodi ndege ikapepea bango juu ya studio za Amazon. Wiki mbili baada ya tangazo la kufutwa Amazon iliuchukua, ukaendelea kwa misimu mitatu zaidi hadi Januari 2022.

Netflix, tangu Juni 2023, huhesabu hivi: saa zote zilizotazamwa hugawanywa kwa urefu wa kazi. Msimu wa saa 8 uliotazamwa saa milioni 40 unahesabiwa mara milioni 5. Aliyezima dakika ya 12 amechangia dakika 12 tu. Kwa hiyo aliyeukasirikia mfululizo akautazama wote amechangia kuliko aliyeusifu kwa nyota tano akaacha nusu. Aliyejaziwa episodi kwenye flashi katika duka la muvi la mtaani hajahesabiwa popote. Kwa waandaaji, kijana yule na shauku yake hawapo.

Saa za kwetu

Netflix kwa kawaida hutoa kazi saa sita usiku wa magharibi ya Marekani. Kwetu ni saa nne asubuhi kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, na saa tano asubuhi kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa kuwa wao huzungusha saa zao nasi hatuzungushi. Msimu wa mwisho wa Stranger Things ulivunja desturi hiyo, na kwetu ulianza saa kumi alfajiri ya 27 Novemba 2025. Ratiba ya HBO ya Jumapili usiku hutufikia Jumatatu, saa kumi alfajiri wakati wa kiangazi chao na saa kumi na moja wakati wa baridi yao.

Maana yake mtu wa hapa akitazama saa mbili usiku, mazungumzo ya dunia yana umri wa saa tisa hadi kumi na sita. Ataingia kundi la WhatsApp na kukuta mtama umeshamwagwa. Makundi yanayoheshimiana huweka muda, mathalani hadi Jumatano usiku, na kabla ya hapo mtu hutaja namba ya msimu na episodi mwanzo wa ujumbe, kisha huacha mistari mitupu ili maneno yasionekane kabla ya kufunguliwa. Picha za skrini ndizo hatari zaidi, kwa sababu jicho huona kabla ya akili kukataa.

Na kuna hisia ambazo hazina kapu katika ukurasa wowote. Katika episodi ya kwanza ya Star Trek kurushwa Marekani, 8 Septemba 1966, kiumbe kinachonyonya chumvi ya miili ya watu kinamtokea Uhura, mwanamke afisa wa mawasiliano wa meli, kwa sura ya mwanamume Mwafrika, na wanasemezana kwa Kiswahili. Jina la Uhura lenyewe limetoka kwenye neno uhuru. Kwa mtazamaji wa Chicago yale yalikuwa maneno ya mbali yenye siri. Kwa mtu wa Makadara ni lugha ya nyumbani, na hukumu yake huanzia pale ambapo ya wengine haifiki: kama irabu zimekaa mahali pake, kama mwanamke yule anajibu kama mtu aliyelelewa nayo. Uhura wa mfululizo mpya, wa 2022, anasema wazi kwamba ametoka Kenya na kwamba anajua lugha 37. Anayetoa maoni juu ya episodi kama hizo kutoka huku Pwani aandike hilo kwa maneno, kwa sababu nyota 4 kwa 5 haziwezi kulibeba.